Keria ya Baiskeli ya Mizigo Kasulu na Kibondo: Tatizo ni Chuma au ni Mahali?

Mkulima anayetaka kupeleka gunia la mahindi sokoni Kasulu au Kibondo kwa baiskeli atapewa ushauri wa kila aina. Muuza vipuri atamwambia keria iliyokuja na baiskeli inatosha, mradi asizidishe mzigo. Fundi wa kuchomelea atamwambia keria hiyo ni ya kubebea mwanafunzi, achomelee ya nondo. Mwenye uzoefu wa milima atamshauri agawe mzigo pande mbili, na kijana wa bodaboda atamcheka kwa kuwa bado anasukuma chuma. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini kila mmoja kati yao ana sehemu ya ukweli. Mkanganyiko unatokea kwa sababu wengi wao wanajibu swali moja tu: keria ibebe kilo ngapi? Swali la pili halipewi uzito unaostahili: kilo hizo zikae wapi juu ya baiskeli? Uchambuzi huu unayaweka maswali hayo mawili pamoja na kuzipima hoja zinazoshindana.

Baiskeli ya tambarare kwenye nchi ya milima

Baiskeli ya mizigo tunayoiona mkoani Kigoma, ziliko Kasulu na Kibondo, ina ukoo wa Uingereza. Muundo wake, wenye fremu ndefu, magurudumu ya inchi 28 na breki za fito za chuma, ulikomaa mwanzoni mwa karne ya 20 katika viwanda kama Raleigh ya Nottingham. Wahindi waliuendeleza kwa majina kama Hero na Avon, Wachina kwa jina la Phoenix, na Tanzania nayo ikawa na Swala yake. Majina yamebadilika, lakini umbo ni lilelile: chombo cha mtu mmoja kwenye barabara isiyo na vilima vikali, chenye keria ndogo nyuma kwa ajili ya kifurushi.

Hata wabunifu wa awali walijua kuwa nyuma ndiko kwenye kazi. Baiskeli nyingi za ukoo huo zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Lakini keria haikupewa heshima hiyo. Huko Ulaya hadi leo keria nyingi za dukani huandikwa kuwa mwisho wake ni kilo 25. Dumu moja la maji la lita 20, pamoja na chombo chenyewe, linakaribia kiwango hicho. Madumu manne, jambo la kawaida vijijini, yanakipita mara tatu na zaidi.

Ongeza sasa ardhi yenyewe. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kasulu uko zaidi ya mita 1,200, Kibondo iko juu zaidi, na kati ya vijiji na masoko kuna mabonde yanayoshuka kuelekea mto Malagarasi na matawi yake. Mahindi, maharage, muhogo mkavu, ndizi na mkaa vyote hupita kwenye miinuko hiyo. Mnyororo wa baiskeli hizi hauna gia za kubadili. Mzunguko mmoja wa pedali huisukuma baiskeli zaidi ya mita tano, hatua ndefu mno kwa mtu anayepanda kilima na gunia. Kwa hiyo mwendeshaji hushuka na kusukuma.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na tambarare. Baiskeli ya Kasulu hufanya kazi tatu katika safari moja: huendeshwa kwenye usawa, husukumwa kama mkokoteni kwenye mpando, na huachiwa iteremke kwa breki. Keria inayofaa kwa kazi moja inaweza kuwa adui kwa nyingine.

Hoja ya kwanza: keria ya kiwandani ibaki

Wanaotetea keria ya kiwandani wana hoja tatu. Ni nyepesi, hivyo haiongezi uzito siku ambazo hakuna mzigo. Imetengenezwa pamoja na fremu, hivyo nafasi zake na nati zake zinalingana. Na ikivunjika, huvunjika yenyewe bila kuharibu fremu, nayo inaweza kununuliwa nyingine.

Hoja hiyo ya mwisho haipaswi kupuuzwa. Kitu chochote kinachobeba mzigo kina sehemu itakayoanza kushindwa, na ni afadhali iwe ile ya bei ndogo. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inadhania mwenye baiskeli atabeba mzigo mdogo, na kwa biashara ya gunia hilo halipo. Miguu ya keria ya bati jembamba hupinda kwa ndani, mzigo huegemea upande mmoja, na gurudumu huanza kusugua madigadi. Anayebaki na keria ya kiwandani kwa mzigo wa kilo 80 ameahirisha gharama tu.

Hoja ya pili: chomelea ya nondo

Hii ndiyo hoja iliyoshinda mitaani. Fundi hukunja nondo, huweka miguu miwili au minne hadi kwenye ekseli ya nyuma, na kurefusha jukwaa ili gunia lilale vizuri. Nguvu yake haina ubishi. Hutengenezwa papo hapo kwa chuma kinachopatikana, na mwenye baiskeli huchagua urefu na upana anaoutaka.

Gharama zake zimejificha. Ya kwanza ni uzito. Mita moja ya nondo ya milimita 12 ina takriban gramu 890, wakati ya milimita 8 ina takriban gramu 400. Keria inayotumia mita nne za nondo itakuwa na kilo tatu na nusu kwa nondo nene, au kilo moja na nusu kwa nyembamba. Tofauti hiyo ya kilo mbili hupandishwa kila kilima, mzigo uwepo au usiwepo. Mara nyingi nondo ya milimita 8 iliyofungwa kwa vyuma vya mshazari hushinda ya milimita 12 iliyosimama bila mshazari, kwa sababu keria huanguka kwa kuyumba upande kabla ya kuvunjika kwa kubonyezwa.

Ya pili ni mahali pa kuchomelea. Fremu za ukoo huu zimeunganishwa kwa mabomba membamba yaliyoingizwa kwenye viungo na kujazwa shaba. Moto wa weld karibu na kiungo huharibu muungano huo, na bomba jembamba huweza kupasuka pembeni ya weld baada ya miezi ya mitikisiko. Keria ichomelewe yenyewe kwa yenyewe, kisha ifungwe kwenye fremu kwa bolti na vibano.

Ya tatu ni ekseli. Miguu ya keria ikifungwa nje ya nati za gurudumu, mzigo wote hupita kwenye ncha za ekseli nyembamba. Ekseli hiyo hupinda, na hupinda zaidi upande wa mnyororo, ambako gololi zimekaa mbali na ncha kupisha meno ya nyuma. Mwenye baiskeli hulaumu gololi za bandia, na gololi huwa hazina kosa.

Ya nne, iliyo kubwa kuliko zote, ni urefu. Jukwaa refu linaloenda nyuma humwalika mpakiaji asogeze gunia nyuma ya ekseli. Nguvu ya chuma imemruhusu kufanya kosa ambalo keria dhaifu ingelikataa.

Hoja ya tatu: shusha mzigo

Wanaosema mzigo ushushwe wana majirani wa kuwashuhudia. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu ya mbao hubeba magunia ya mkaa na viazi kwa kuyalaza chini, katikati ya magurudumu mawili. Chombo hicho hakina pedali wala mnyororo, lakini kimepewa hata sanamu mjini humo. Wavietnamu nao mwaka 1954, wakati wa vita vya Dien Bien Phu, walisukuma baiskeli zenye zaidi ya kilo 200 kila moja. Walining'iniza mzigo pande zote mbili za fremu na kurefusha usukani kwa mti ili msukumaji atembee pembeni.

Faida yake ni uthabiti. Mzigo wa chini hauyumbishi baiskeli, na ukianza kuanguka mtu mmoja anaweza kuushika. Kwa madumu, ndizi na mkaa uliofungwa vifurushi viwili, njia hii inafaa sana.

Udhaifu wake uko katika kazi zile tatu. Mzigo unaoning'inia pembeni karibu na pedali huzuia kisigino, hivyo anayetaka kuendesha kwenye usawa hawezi. Anayesukuma naye hugongwa gotini na dumu la upande wake. Njia nyembamba za mashambani huwa finyu kwa mzigo mpana, na mtaro wa mvua hukamata chombo kilicho chini. Na gunia moja la mahindi haligawanyiki mara mbili bila kulifungua, jambo ambalo mnunuzi hatalikubali. Wavietnamu hawakuwa na shida hizo kwa kuwa hawakupanda baiskeli zao kabisa. Waliziacha ziwe mikokoteni.

Hoja ya nne: hamia pikipiki

Hoja hii inatoka nje ya keria, lakini ndiyo inayowavuta vijana. Pikipiki hupanda kilima bila kusukumwa na hurudi sokoni mara kadhaa kwa siku. Hata neno bodaboda lilianzia kwenye baiskeli za mpaka wa Kenya na Uganda kabla ya kuhamia kwenye injini.

Lakini pikipiki huhitaji mafuta kila siku, mkopo au hesabu ya kumpelekea tajiri, na vipuri vya bei ya juu. Kwa mkulima anayepeleka magunia machache kwa msimu, gharama hizo haziwezi kurudi. Zaidi ya hayo, pikipiki ina keria pia, na gunia lililosogezwa nyuma huinyanyua mbele vilevile. Anayehama bila kujifunza kupakia amelihamishia tatizo kwenye mwendo mkubwa zaidi.

Kupima hoja kwa hesabu

Hebu tuchukue baiskeli ya kilo 22 yenye sentimita 120 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ikiwa tupu, gurudumu la mbele hubeba takriban kilo 10. Weka gunia la kilo 80 ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 15 nyuma ya ekseli. Ekseli inakuwa egemeo, na gunia linanyanyua mbele kwa 80 mara 15 gawanya kwa 120, yaani kilo 10. Gurudumu la mbele limebaki bila uzito wowote. Usukani unageuka, baiskeli haigeuki.

Sogeza gunia hilohilo hadi sentimita 15 mbele ya ekseli. Sasa gurudumu la mbele lina kilo 20. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa: keria ni ileile, gunia ni lilelile, na umbali uliosogezwa ni kama urefu wa rula ya mwanafunzi.

Mwendeshaji akiwa juu ya kiti, kosa hili hufichika. Mtu wa kilo 60 aliyekaa sentimita 35 mbele ya ekseli ya nyuma huongeza zaidi ya kilo 17 kwenye gurudumu la mbele. Baiskeli iliyopakiwa vibaya inaonekana nzima kwenye usawa. Akifika kilimani akashuka, kilo hizo 17 zinashuka naye, na mbele inaelea wakati ule anaouhitaji usukani zaidi.

Kilima nacho kina deni lake. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 10, kitovu cha mzigo hurudi nyuma kwa sehemu moja ya kumi ya kimo chake. Gunia lililolazwa juu ya keria, kitovu chake kikiwa mita moja kutoka ardhini, hurudi sentimita 10. Gunia lililosimamishwa hurudi zaidi. Mzigo uliofungwa pembeni kwa kimo cha sentimita 60 hurudi sentimita 6 tu. Hapa hoja ya tatu inaonyesha nguvu yake halisi, na inatupa pia kipimo kwa wanaobaki na gunia la juu: lifungwe mbele ya ekseli kwa sentimita nyingi kuliko zile ambazo mpando utazichukua.

Kwenye mteremko mambo hugeuka. Mzigo husogea mbele, usukani hupata uzito, na shida huhamia kwenye breki. Mtu, baiskeli na gunia kwa pamoja ni kilo 162. Kuteremka mita 100 za kimo kunazalisha joto la kutosha kukaribia kuchemsha nusu lita ya maji, na joto hilo lazima liishie kwenye vipande vinne vya raba na ringi mbili. Ringi ya chuma ikilowa, breki hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake, na milima ya Kigoma ina miezi mingi ya mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi karibu Mei. Mradi wa lami wa barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, takriban kilomita 260, unaotumia mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeongeza uzito wa jambo hili. Lami hupunguza mashimo yanayovunja spoku, lakini huongeza kasi ya mteremko na kuleta malori karibu na kiwiko cha mwendesha baiskeli.

Kwingineko duniani wengine wamefikia hitimisho linalofanana kwa njia mbalimbali. Nchini Rwanda, Mmarekani Tom Ritchey alibuni baiskeli ya wakulima wa kahawa iliyorefushwa nyuma, ili mzigo ukae mbele ya ekseli badala ya juu yake. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005, lilitengeneza baiskeli ya Buffalo yenye keria ya kilo 100, lakini liliimarisha pia gurudumu, spoku na breki ya habu ya nyuma. Hakuna aliyeimarisha keria peke yake.

Marekebisho yanayolipa

Kwa mwenye baiskeli ya kawaida, kazi ianze na mahali, kisha chuma. Jukwaa la keria lisogezwe mbele hadi liguse kiti, na mkia wake usizidi sana ekseli. Kwa safari ya kusukuma mwanzo hadi mwisho, gunia lipande hadi juu ya kiti chenyewe. Kwa safari ya kuendesha, kiti kisogezwe mbele kidogo kwenye bomba lake ili mgongo usibanwe, ingawa magoti yatalalamika: hapa hakuna faida isiyo na gharama.

Kipimo rahisi kipo sokoni. Mzigo ukiwa umefungwa, ning'iniza usukani kwenye mizani ya ndoano hadi gurudumu la mbele liache ardhi. Namba inayosomeka ni takriban uzito ulioko mbele. Ikishuka chini ya ule wa baiskeli tupu, gunia liko nyuma mno.

Kisha vifungo. Mipira ya tyubu kuukuu hubana vizuri lakini hunyumbulika, hivyo gunia hucheza na kuitikisa baiskeli nzima. Kamba isiyonyumbulika ifungwe kwanza kuuzuia mzigo kusogea nyuma, ndipo mipira ifuate. Spoku za nyuma zikazwe kwa usawa, kwa sababu spoku iliyolegea ndiyo inayokatika pale ilipojikunja kwenye habu, kwa kukazwa na kulegezwa kila mzunguko. Tairi la nyuma lijazwe upepo zaidi ya la mbele. Nati za ekseli na bolti za keria zikaguliwe kabla ya mpando, na raba za breki kabla ya mteremko.

Nani analipa kosa

Ikiwa hesabu ni rahisi hivi, kwa nini keria ndefu zinaendelea kutawala? Sababu ni mgawanyo wa gharama. Mchukuzi hulipwa kwa gunia, hivyo jukwaa refu humpa nafasi ya kuongeza dumu au mkungu wa ndizi. Fundi hulipwa kwa chuma na weld, si kwa usalama wa kilimani. Mnunuzi anayejaza lumbesa, ingawa sheria ya vipimo haimruhusu kuzidisha kilo 100 kwa gunia, hupata nafaka ya ziada bila kugusa baiskeli. Ekseli ikipinda au mtu akiangushwa na gunia, anayelipa ni mwenye usukani peke yake. Ukomo wa kilo 100, ukisimamiwa, ungelinda mgongo wa mchukuzi kama unavyolinda mfuko wa mkulima.

Muhtasari

Keria ya kiwandani inafaa kwa dumu moja, abiria mwepesi au mzigo wa nyumbani, na hapo isibadilishwe. Keria ya nondo ni ya lazima kwa gunia, lakini iwe nyembamba yenye mishazari, fupi upande wa nyuma, iliyofungwa kwa bolti na isiyotegemea ncha za ekseli pekee. Mzigo unaogawanyika, kama madumu na mkaa, ushuke pembeni, hasa kwa safari ya kusukuma. Pikipiki ni jibu kwa mwenye mizigo ya kila siku, si kwa anayebeba mavuno ya msimu.

Kwa mwenye fedha kidogo tu, breki na spoku za nyuma zitangulie nondo nene. Na kwa asiye na fedha kabisa, marekebisho makubwa kuliko yote hayana bei: kabla ya kufunga kamba, asogeze gunia mbele ya ekseli.